Kigari cha rimoti cha zamani kimegoma: anza hapa kabla hujakifungua

Vigari vya rimoti vya zamani vinavyofika mezani kwangu hapa Magomeni, Mtwara, vina historia zinazofanana. Kimoja kimetoka kwenye belo la mitumba, kingine kiliachwa na mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao, kingine kimelala juu ya kabati tangu mwenyewe yuko darasa la tatu. Mteja akishakaa, neno ni lilelile: "Fundi, mota imekufa."

Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni kontakti ya shaba mahali fulani, imeliwa na chumvi ya bahari au imepigwa na salfa ya mikorosho. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa dalili kama watu wanavyozileta, na chini ya kila dalili sababu inayotokea sana imekaa mwanzo. Ukianzia mwisho utafungua giaboksi nzima kumbe waya umeoza kwenye swichi.

Mambo mawili kabla ya bisibisi. La kwanza, jua umeshika nini. Vingi ni vya Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani, iliyotoa kigari chake cha kwanza cha rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Sand Scorcher ni ya 1979, Grasshopper na Hornet za 1984, Lunch Box ya 1987. Mwaka ukiuona umechorwa kwenye plastiki ya chasi usiuamini moja kwa moja: ni mwaka wa kalibu (umbo la kumwagia plastiki). Kuanzia miaka ya 2000 Tamiya imevitoa upya vingi kwa kalibu zilezile, kwa hiyo "cha 1984" chako huenda kina umri wa mdogo wako wa mwisho. Hilo si baya, maana yake ni kwamba gia, matairi na hata bodi mpya vinaagizika.

La pili, skrubu. Msalaba wa skrubu za Kijapani si sawa na wa bisibisi ya nyota tuliyoizoea. Ya kwetu huteleza juu na kula kichwa. Tafuta yenye alama ya JIS, yaani kiwango cha Kijapani, au saga kidogo ncha ya ile uliyonayo ili izame hadi chini. Wakati wa kurudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Nguzo nyingi za plastiki hazikupasuliwa na ajali, zimepasuliwa na mafundi.

## Hakiamki: sevo haigutuki, hakuna mlio

Sevo ni kile kimota kidogo kinachosukuma usukani au kidhibiti mwendo, na risiva ni kipokezi cha redio ndani ya kigari. Anza na betri, hata kama mwenyewe anaapa kuwa imechajiwa usiku kucha. Pakiti ya kawaida ina seli 6 za volti 1.2, jumla 7.2. Ipime kwa mita ikitoka kwenye chaja. Kama haifiki hata volti 6, au inafika halafu inaporomoka ukiipa mota, imekwisha. Pakiti za asili ni za nikeli na kadmiamu. Iliyolala miaka kumi na tano usiihangaikie, na usiipasue kuangalia ndani, kwa sababu kadmiamu ni sumu. Weka ya NiMH (nikeli na haidridi ya metali) ya volti 7.2, ndiyo inayofanana nayo tabia.

Kisha kiboksi cha betri ndogo nne zinazolisha risiva, kama chako kinacho, na cha kwenye rimoti pia. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi ni alkali iliyovuja. Vaa glavu, chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua, itatoa povu. Povu likikoma futa kwa maji kidogo, malizia na spiriti, anika. Springi iliyoliwa hadi ikawa nyembamba kama uzi ibadilishe tu.

Baada ya hapo swichi. Zirukishe nyaya zake mbili kwa kipande cha waya. Kigari kikiamka, umepata mgonjwa.

Hapa ndipo salfa inapoingia. Wakulima wa korosho hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiri unga, na mifuko inayobaki huhifadhiwa ndani, stoo au chini ya kitanda. Niliwahi kuletewa kigari kutoka upande wa Tandahimba, kimetunzwa vizuri kwenye boksi lake, hakina hata mchubuko. Kila kontakti ya shaba na ya fedha ilikuwa nyeusi kama masizi. Kilikuwa kimelala msimu hadi msimu pembeni ya mifuko ya salfa. Salfa huigeuza shaba na fedha kuwa na ngozi nyeusi isiyopitisha umeme vizuri, na haihitaji kumwagika juu yake. Kukaa chumba kimoja kunatosha. Sugua kwa ufutio wa penseli, pakikataa tumia msasa laini wa 1000, futa kwa spiriti. Halafu mhamishe mgonjwa chumba.

Mwisho ndipo ushuku risiva. Ukibadilisha risiva au sevo, kumbuka plagi za zamani hazikuwa na mpangilio mmoja wa nyaya: baadhi ya kampuni ziliweka chanya na hasi mahali tofauti na leo, ingawa plagi yenyewe inaingia vizuri. Fuata rangi ya waya na mchoro, usifuate umbo la plagi. Ukikosea, risiva inaungua kabla hujasema bismillahi.

## Chaja imetoa moshi

Sababu ni moja karibu kila mara. Chaja ya asili kutoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni ya 120, na ukuta wako una 230. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kama imeshatoa moshi usiifungue kuirekebisha. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, na kwa bei ya chaja za leo hata yeye atakwambia uitupe.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuweka betri ya LiPo (lithiamu polima) ya volti 7.4. Inakimbia vizuri, sikatai. Lakini kidhibiti mwendo cha zamani hakijui kuikata betri ikishuka, na seli ya LiPo ikienda chini ya volti 3 inaharibika. Ikivimba, acha kabisa: usiichaji, usiitoboe, ipeleke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyumba, na umwite mtu anayezijua.

## Sevo zinatetemeka, au kigari kinakimbia chenyewe

Kiinue juu ya tofali magurudumu yasiguse chini, ndipo uendelee. Kigari cha kilo moja na nusu kikiondoka chenyewe mezani, kinachovunjika ni kile usichoweza kukipata.

Vigari hivi vingi vilitumia redio ya MHz 27, yenye jozi ya kristali: moja ya rimoti, nyingine ya risiva. Hazibadilishani. Ya risiva iko chini kwa kHz 455, na namba ya chaneli iliyoandikwa juu yake inaweza kuwa ileile, ndiyo maana watu huzichanganya. Angalia herufi: T ni ya kutuma, R ya kupokea.

Kristali zikiwa sawa, fuata waya wa antena. Ukikatwa "ili upendeze" umbali wa kusikia unapungua, na ukiviringishwa pamoja na nyaya za mota unaokota kelele. Kelele yenyewe hutoka kwenye mota: angalia kama zile kapasita tatu ndogo za 0.1 µF bado zimechomelewa kwenye kasha lake. Mtu aliyebadilisha mota bila kuzirudisha amekuachia kigari chenye degedege.

Ikiwa ni sevo moja tu inayotetemeka na nyingine imetulia, uchafu uko ndani ya sevo hiyo, kwenye kipimo chake cha kuzunguka. Dawa ya kupuliza ya kusafisha kontakti humaliza nusu ya kesi hizo. Nusu nyingine, nunua sevo.

Mimi kwa kusema kweli sitengenezi tena redio za MHz 27. Natoa zote mbili, naziweka kwenye boksi kwa heshima, nafunga ya GHz 2.4. Anayetaka kigari cha maonyesho abaki na ya zamani, anayetaka kukikimbiza mchangani Shangani asijisumbue.

## Kinajua mwendo mmoja tu, au hakirudi nyuma

Hii ni dalili ya kidhibiti mwendo cha mkono: sevo inasukuma kidole cha shaba juu ya vibati vya shaba, na kile kijiwe cheupe cha rezista kinapunguza umeme kwa mwendo wa polepole. Kibati kikiungua au kikiwa na ngozi ya chumvi, mwendo wake unapotea. Safisha kama nilivyoeleza kwenye salfa, kisha kipinde kidole kidogo kibane. Mwendo wa polepole tu ukikosekana, rezista imepasuka. Usiiguse baada ya kuendesha: inachoma kama pasi, na iko hivyo kwa kawaida yake, kwa hiyo isikae karibu na waya wala bodi.

## Mota inalia, magurudumu yamesimama

Skrubu ndogo inayoshika gia ya mota imelegea. Kaza kwa alenkii ya mm 1.5, ukihakikisha inakaa juu ya ubapa wa shafti, si pembeni yake. Kesi tisa kati ya kumi za mezani kwangu zimeishia hapo. Ya kumi ni meno yaliyolika, na hapo unafungua giaboksi.

## Kinachemka na kunuka

Nyuma ya gurudumu kuna nywele, nyuzi za nazi au mchanga uliosagika kwenye bushi. Ondoa gurudumu, safisha, weka tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja, na si mafuta ya nazi, ambayo yanaganda na kukusanya vumbi. Kisha badilisha bushi za plastiki kwa beringi. Tamiya nyingi za umri huu zinatumia za mm 5 kwa 11 kwa 4. Kikiendelea kuchemka, toa mota uizungushe kwa mkono. Ikikwama, kutu imeingia, na mota ya saizi 540 ya kasha la rangi ya fedha iliyofungwa haifunguliki kwa faida.

Kama kilikimbizwa ufukweni, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile, baada ya kutoa betri na redio. Kesho ni kuchelewa.

## Plastiki inakatika kama kashata

Wengi hutupa chasi hapa bure. Unyevu nitakaoulaani huko mbele kwenye bodi ndio dawa ya sehemu moja tu ya kigari: nailoni. Mikono ya magurudumu na vishikio vingi ni vya nailoni, na nailoni iliyokauka miaka mingi inakuwa kavu na rahisi kuvunjika. Ichemshe kwenye maji yanayotokota taratibu kwa dakika 15 hadi 20, iache ipoe humohumo. Inakunywa maji na kurudisha unyumbufu wake.

Utajuaje ni nailoni? Inateleza kidoleni kama nta. Ikiwa ngumu, inang'aa na inalia "tak" ukiigonga kwa ukucha, ni ABS (plastiki ngumu) au jamaa yake; hiyo kuichemsha hakutaisaidia na inaweza kuipinda. Toa beringi na skrubu zote kwanza. Sehemu ambayo tayari ina ufa haitaungika kwa kuchemshwa.

## Bodi imepasuka

Tambua plastiki kwanza, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Bodi nene, ngumu, iliyopakwa rangi kwa nje, kama ya Grasshopper au Lunch Box, ni ya kundi la ABS na polistireni. Bodi nyembamba inayonesa, iliyopakwa rangi kwa ndani, kama ya Hornet au Frog, ni polikaboneti.

Bodi ngumu hupasuka mara nyingi kwenye nguzo za skrubu, kwa sababu ile ya skrubu niliyoitaja mwanzo. Toboa tundu la mm 1.5 mwishoni mwa ufa ili usiendelee kutembea. Kisha tafuta kava la pembeni la bodaboda lililovunjika. Gereji za pikipiki zinatupa kila siku. Geuza uone maandishi ya ndani. Ikiandikwa ABS, kwangua vipande vidogo, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo, kesho yake una uji mzito. Paka uji huo upande wa ndani wa ufa, acha saa 24. Ikiandikwa PP (polipropilini), irudishe jalalani, haishikani na chochote.

Supaglu itumie kwa kushikiza tu. Inakauka kuwa kigae, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye madirisha ambao hautoki kwa kufuta.

Bodi ya polikaboneti haiungwi kwa asetoni hata kidogo. Asetoni, tina na petroli vinaijaza nyufa ndogo kama utando wa buibui, wakati mwingine dakika hiyohiyo. Yenyewe inashonwa, kama nguo: kipande cha chandarua kilichochakaa, gundi ya viatu ile inayobaki laini kama mpira, vyote kwa upande wa ndani. Jaribu gundi kwanza kwenye kona isiyoonekana, maana gundi nyingine za viatu zina vimumunyisho vibaya kama tina yenyewe.

Na kabla hujagusa bodi asilia ambayo haiuzwi tena, ichukulie umbo. Ninaona watu wanakata pembe zilizovunjika ili "iwe nadhifu", halafu wanakuja kuuliza nakala itatoka wapi.

## Rangi inabanduka vipande

Kwenye polikaboneti sababu ni rangi ya kupuliza ya kawaida, ile ya geti na baiskeli. Bodi inanesa, rangi hainesi. Ipo rangi maalumu ya polikaboneti, na inapakwa ndani, rangi nyeusi zaidi ikitangulia. Sababu ya pili ni mafuta ya vidole: osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, anika, usishike tena ndani.

Kuondoa rangi ya zamani, loweka kwa spiriti na uvumilie, ukisugua kwa kitambaa. Inachosha. Mafuta ya breki watu huyasifu, na kwenye bodi ngumu yanafanya kazi, lakini nimeona polikaboneti ikitoka humo ikiwa kama biskuti, kwa hiyo siyashauri.

## Nakala ya bodi imetoka vibaya

Nieleze kwanza njia, kwa sababu makosa mengi yanaanzia kwenye kinyago. Kinyago ndilo jina tulilolizoea kibandani kwa lile umbo gumu ambalo karatasi ya plastiki iliyolainishwa kwa joto inavutwa juu yake kwa hewa. Kama una bodi asilia ya polikaboneti, mimina jasi ndani yake. Jasi ni nzito na bodi itatanuka mbavu, basi iegemeze kwenye boksi la mchanga, na mchanga upande nje kadiri jasi inavyopanda ndani. Paka vaselini kabla. Kinyago kinachotoka kina vipimo vya ndani ya bodi, na karatasi mpya ikivutwa juu yake inapata unene wake kwa nje, kama ya asili. Wanaovuta juu ya mgongo wa bodi yenyewe hupata nakala kubwa kwa unene wote wa plastiki, na mara nyingi wanaipoteza na ya asili kwa joto.

Kama hakuna bodi kabisa, ila picha, huku kwetu tuna bahati ambayo wengine hawana: wachongaji wa Kimakonde. Usimpe mpingo, ni ghali, mzito, na ni dhambi kuuchonga gari. Mwembe mkavu au paina inatosha. Ila mpe vipimo kutoka kwenye chasi, umbali kati ya ekseli na upana wa matairi. Kipimo cha 1:10 kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingi kilikuwa ni cha kubembeleza wanunuzi. Mwambie pia kila ubavu ulale kwa nyuzi 3 hadi 5 kuelekea juu, na umweleze akikuuliza kwa nini unaharibu umbo.

*Ina malengelenge.* Unyevu, na kwetu ni unyevu karibu kila mara. Polikaboneti hunywa maji kutoka hewani, na hewa ya Mtwara na Lindi ina maji ya kutosha kuogea. Kausha karatasi ya mm 1 kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 1 hadi 2, halafu ipandishe moja kwa moja mpaka 180 hadi 200 ya kuivuta. Ukiiacha ipoe ukaenda kula, umeanza upya. Kama huna oveni ya uhakika tumia PETG, plastiki jamaa ya ile ya chupa za soda, ambayo kwa kawaida haihitaji kukaushwa na inalainika kwenye nyuzi 130 hadi 150. Ni dhaifu kidogo ikigonga ukuta, ila inasamehe. Malengelenge yakiwa upande wa kinyago tu, jasi au mbao ndiyo mbichi. Jasi inayoonekana kavu nje inaweza kuwa na maji ndani hata baada ya wiki mbili za masika. Iguse kwa shavu: ikiwa baridi kuliko meza, bado.

*Ina mikunjo kwenye kona.* Karatasi imelegea kupita kiasi, au kinyago kina kona ndefu zilizosimama karibu karibu. Itazame inapopashwa: kwanza inatikisika mawimbi, kisha inajikaza, ndipo inashuka tumbo. Tumbo likifika sentimita 2 hadi 3, vuta. Usingoje ya nne. Kama bado inakunja, inua kinyago juu ya ubao mdogo ili mkunjo utokee chini ya mstari wa kukatia.

*Sura yake ni butu, grili haionekani.* Joto dogo ndiyo sababu ya kwanza, mwendo wa polepole ndiyo ya pili: kutoka kwenye moto mpaka kwenye kinyago una sekunde chache tu. Kisha hewa inavuja pembeni ya fremu. Ziba kwa sponji. Kisha kinyago hakina matundu. Toboa kwa keekee ya mm 1 au chini yake kwenye kila bonde, kuzunguka taa, ndani ya grili. Mwisho kabisa laumu mashine. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani haifikii hata robo ya mvuto wa pampu ya kweli, kwa hiyo grili ya nywele haitaipata hata ukiisomea dua. Kwa sehemu ndogo, kama kioo cha dereva, achana na yote haya: chupa ya soda ya plastiki iliyovishwa kwenye kijinyago cha mbao na kupigwa hewa ya moto inajibana yenyewe.

*Kinyago hakitoki, au kimevunjika ndani.* Kuna mahali kinarudi ndani kama kiuno. Nyuzi zile 3 hadi 5 zilikuwa kwa ajili ya hili.

*Haikai kwenye chasi.* Polikaboneti ikipoa husinyaa kwa asilimia 0.5 hadi 0.7; kwenye bodi ya mm 300 hiyo ni karibu mm 2. Kwa hiyo usihamishe matundu kutoka kwenye bodi ya zamani. Iweke bodi mpya juu ya chasi, paka wino wa kalamu kwenye vichwa vya nguzo, ibonyeze, toboa penye alama.

Onyo moja kwa wanaopasha plastiki kwa jiko la mkaa. Nimelifanya, linawezekana kwa PETG kwa majiko mawili na bati katikati, lakini joto lake halilingani pande zote, na gesi ya mkaa inaua chumbani bila kunuka. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni. Plastiki ikianza kutoa moshi au kugeuka njano, ondoka, usiinamie. Na oveni uliyoifanyia kazi hii isirudi kuoka mkate.

## Bodi ya faiba haikauki, au imeyeyusha ya asili

Pwani nzima ina mafundi wa boti za faiba, na wao ndio walimu sahihi wa njia hii. Nenda ukae naye nusu siku kabla hujanunua hata kopo moja.

Uso ukinata kwa juu tu, ni kawaida: resini ya poliesta haikauki vizuri inapogusana na hewa. Futa kwa asetoni au funika kwa nailoni wakati wa kukauka. Ikinata mpaka ndani, kigumishi kilikuwa kidogo au kitambaa kilikuwa na unyevu. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2, na kwa joto letu la mchana wa Desemba, asilimia 1 inatosha. Ukizidisha, kopo linachemka mkononi na bodi inapasuka.

Iliyoyeyusha bodi ya asili ni kosa lisilorekebishika. Resini ya poliesta ina stairini ndani yake, nayo inakula bodi ngumu za polistireni na ABS kama maji yanavyokula sukari. Kati ya bodi na resini lazima kuwe na nta na tabaka la kizuizi cha PVA (kimiminika kinachokauka kuwa ngozi nyembamba), lote, bila tundu. Kama huna PVA, chukua umbo kwa jasi na uache faiba igusane na jasi.

Kigumishi kile cha majimaji kisicho na rangi, usikichanganye kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, vinalipuka. Vaa miwani hata kama unachanganya kijiko kimoja. Kikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 bila kukatisha, na uende hospitali maji yakiwa bado yanakudondoka, usingoje kuona kama litapoa.